Gari la Haidrojeni kwa Hesabu ya Yuniti: Safari ya Arusha hadi Moshi

Vijana wa Arusha wanaofuatilia rali hutuuliza mara kwa mara, tunapotoa elimu ya nishati, iweje wataalamu walipinge gari la kasi linalotumia haidrojeni ilhali bomba lake hutoa mvuke wa maji badala ya moshi mweusi. Jibu halianzii kwenye bomba hilo. Linaanzia kwenye mita ya umeme ya LUKU.

Haidrojeni inayosifiwa kuwa safi hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye maji hadi yagawanyike kuwa haidrojeni na oksijeni. Kutengeneza kilo moja kwa njia hiyo hula yuniti (kilowati-saa) 50 hadi 55 za umeme, lakini nishati inayobaki ndani ya kilo hiyo ni yuniti 33 tu, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja imekwisha kupotea kabla gari halijawashwa.

Tuchukue safari ya kutoka Arusha hadi Moshi, yenye kilomita 80 hivi. Gari la betri la ukubwa wa kati litatumia takriban yuniti 16. Toyota Mirai, ambayo seli yake huunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewani ili kuzalisha umeme wa kuzungusha mota, itahitaji karibu kilo 0.7 za gesi, yaani yuniti zinazokaribia 40, bila kuhesabu umeme wa kuigandamiza gesi hiyo hadi mara 700 ya kanieneo ya hewa ya kawaida. BMW Hydrogen 7 ya mwaka 2006, iliyochoma haidrojeni ndani ya injini ya silinda 12, ilimaliza tangi la kilo 8 kwa kilomita 200 hivi. Kwa mwendo huo ingefika Moshi imekula kilo 3 na zaidi, ambazo ni takriban yuniti 170, tena kabla ya kuongeza umeme wa kuipoza gesi hadi nyuzi 253 chini ya sifuri ili iwe kimiminika. Gharama yote hiyo ilizaa nguvu za farasi 260. Na mwenye gari akiliacha uwanja wa ndege wa KIA kwa siku kadhaa, angerudi akute sehemu ya mafuta yake imechemka na kutoroka tangini.

Watetezi wa injini hizi wana hoja ambayo si haki kuibeza. Mwaka 2021 Toyota iliingiza Corolla inayochoma haidrojeni katika mbio za saa 24 za Fuji, Akio Toyoda, rais wa kampuni hiyo wakati huo, mwenyewe akiwa miongoni mwa madereva, na gari lilimaliza likinguruma kama magari ya petroli. Ufundi wa pistoni na vali ulibaki kuwa na kazi, na kujaza tangi ni kwa dakika, si kwa saa. Lakini gari hilo lililazimika kuingia kujaza mara nyingi, kwa sababu lita moja ya petroli hubeba nishati karibu mara saba ya lita moja ya haidrojeni iliyogandamizwa. Isitoshe, joto la injini huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani kuwa gesi zinazochafua hewa, kwa hiyo madai kwamba hutoka maji peke yake ni ya kweli kwa seli, si kwa injini.

Binafsi naona mfano unaofundisha zaidi ni N Vision 74, gari la maonyesho ambalo Hyundai ililizindua mwaka 2022. Mota zake hutoa zaidi ya kilowati 500, ilhali seli yake ya haidrojeni huzalisha kilowati 85 tu. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, sehemu kubwa ya msukumo anaousikia mgongoni hutoka kwenye betri ya yuniti 62 iliyomo ndani, nayo seli hufanya kazi ya kuijaza taratibu.