Mofini haimgeuzi mgonjwa wa saratani kuwa teja
Wapo ndugu hapa Dar es Salaam wanaoficha chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, iliyotoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, wakihofia uteja. Wanachanganya mambo mawili. Mwili kuizoea dawa ni kawaida: ikikatwa ghafla mgonjwa hutoka jasho na kuharisha, ndiyo maana daktari hupunguza dozi polepole. Uraibu ni kuisaka dawa bila kujizuia hata inapodhuru. Kwa maumivu ya saratani, chini ya uangalizi, ni nadra.

Dozi moja hudumu takribani saa 4. Mkisubiri maumivu yarudi, mgonjwa ataililia dawa, nanyi mtamwita mraibu kwa kosa lenu! Mpeni kwa kufuata saa alizopangiwa, kabla maumivu hayajarudi, mkipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko. Mofini hufunga choo, hivyo ombeni pia dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Akisinzia asiamshike, mkimbizeni hospitali.