Je, wajua kwa nini kicheza muziki kidogo bado kina wateja Mombasa?

Pita kwenye vibanda vya vifaa vya simu pale Mwembe Tayari. Kati ya makava na waya za chaji utaona vidude vyenye kibanio, vidogo kuliko kiberiti, visivyo na kioo wala laini. Unatia memori kadi, unachomeka visikilizio, unabonyeza. Kazi yake ni hiyo tu. Katika mji ambao karibu kila mfuko una simu inayocheza muziki, nani anakinunua, na kwa nini?

Jibu la kwanza ni chaji. Simu ikicheza wimbo, wimbo wenyewe hauli sana. Kinachomaliza betri ni kioo, intaneti, na mitambo ya ndani inayowasiliana na minara kila mara. Mtandao ukiwa hafifu, simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili mnara uisikie, na hapo betri ndiyo huumia. Kile kidude hakina habari na minara. Husoma faili kutoka kwenye kadi, hulifungua, huisukuma sauti kwenye waya, basi. Ndiyo maana betri yake ndogo humfaa bawabu wa zamu ya usiku. Hakili bando hata la shilingi moja, na hakuna atakayekupigia katikati ya qaswida.

Vitu hivi vina umri wake. Mfumo wa MP3, unaominya sauti iwe faili dogo, ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watafiti wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, na jina lenyewe la mafaili, .mp3, lilichaguliwa 1995. Mwaka 1998 ikatoka MPMan, kicheza muziki cha mfukoni cha Korea Kusini, yenye nafasi ya megabaiti 32. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, yaani wingi wa data unaotumika kwa kila sekunde ya sauti, dakika moja ya muziki hula karibu megabaiti moja, kwa hivyo mashine ile mpya ya ajabu ilibeba kama nusu saa ya nyimbo. Kaseti ya dakika 90 iliishinda mchana kweupe! Ilipokuja iPod ya Apple, Oktoba 2001, ilikuwa na diski ya gigabaiti 5 na ikanadiwa kuwa inabeba nyimbo 1,000. Apple waliachana na iPod mwaka 2022. Leo kadi ya gigabaiti 32, ukubwa wa ukucha, inabeba zaidi ya saa 500 kwa kiwango kile kile.

Nafasi hiyo ina bei yake, na hapa ndipo mpenzi wa taarabu atege sikio. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 hutumia kama sehemu moja tu kati ya kumi na moja. Nyingine zimekwenda wapi? Zimetupwa, lakini kwa hesabu. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, sikio lisiipate, na programu huitupa ile ambayo usingeisikia. Kwa mtu anayezungumza, hila hii hupita vizuri. Huumbuka kwenye mlio mkali wa ghafla. Sikiliza udi wa mwanataarabu Zein l'Abdin: uzi unapopigwa, mlio huchomoza mara moja. MP3 hukata sauti vipande vifupi, na kosa linalofanyika ndani ya kipande huenea kipande kizima, hivyo chembe za kelele hutangulia mlio wenyewe. Kwenye 128 wengi hawatambui. Kwenye 64, ncha ya udi hufifia, na vibati vya tari husikika kama mchanga unaochekechwa. Tena nyimbo nyingi za zamani zimetoka kaseti, zikageuzwa MP3, kisha mtu akazikandamiza upya zitoshee kadi. Kila mara panapungua kitu. Mtu akikwambia faili la 64 ameligeuza kuwa 320 ili liwe safi, amekuongezea uzito tu, kilichotupwa hakirudi.

Udhaifu wa chombo chenyewe ni mwingine. Jasho na hewa ya chumvi ya pwani hula tundu la visikilizio, ukaanza kusikia upande mmoja. Betri imefungiwa ndani, na joto huizeesha. Halafu kuna kadi bandia: imeandikwa gigabaiti 64, ndani ina 8, imedanganya kompyuta. Nyimbo zinanakiliwa zote bila malalamiko, kisha nusu yake hazichezi au zinakatika. Kabla ya kulaumu kidude, jaribu kadi nyingine.

Na sauti usiipandishe kushindana na matatu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Simu nyingi zitakuonya ukizidisha. Hivi vidude vya bei nafuu vitanyamaza.

Vingi vina redio ya FM pia, na waya wa visikilizio ndio antena. Ukitumia waya uliokatika ndani, Pwani FM inapotea hata kama mnara uko karibu.

Kinachowasumbua wengi zaidi, hasa Ramadhani ikikaribia, ni mpangilio. Mtu anamtilia mamake sura zote 114 za Qur'ani, na baada ya Al-Fatiha inakuja Yunus, kisha Al-Adiyat. Kadi haina shetani. Mafaili yameandikwa 1, 2, 3 hadi 114, na kifaa kinachopanga kama kamusi huweka 10 (Yunus) na 100 (Al-Adiyat) kabla ya 2. Vingine havipangi kabisa: hucheza kwa mfuatano ule mafaili yalivyoingia kwenye kadi. Dawa ni moja kwa yote mawili. Yaandike 001, 002, 003 hadi 114 kwenye kompyuta, ifomati kadi (yaani ifute yote), kisha nakili sura moja baada ya nyingine kwa mfuatano huo huo, si zote kwa mkupuo.