Misuli inauma tangu uanze dawa ya kolesteroli? Usiiache kimya kimya

Mtu ameandikiwa kidonge cha kushusha kolesteroli. Wiki tatu hazijaisha, mapaja yanamuuma na kuinuka kwenye kiti kumekuwa kazi. Amewahi kusikia kwamba dawa hizi zinakula misuli, basi anaacha kuzimeza bila kumwambia yeyote. Daktari anakuja kujua miezi kadhaa baadaye, kipimo kinapoonyesha kolesteroli imerudi ilikokuwa, au mgonjwa anapoletwa na kiharusi. Sisi tunaohudumia wagonjwa wa moyo na mishipa ya damu tunakihofia kimya hicho kuliko maumivu yenyewe. Maumivu yakitajwa mapema, karibu kila mara kuna la kufanya.

Dawa zinazozungumziwa hapa ni kundi la statini: atorvastatini, rosuvastatini, simvastatini, pravastatini na nyinginezo. Zote hufanya kazi kwenye ini. Huko huzuia kimeng'enya kinachotumika kutengeneza kolesteroli, na ini likipungukiwa hulazimika kuivuta LDL, ile kolesteroli inayojijenga kwenye kuta za mishipa, kutoka kwenye damu. Mjapani Akira Endo aligundua statini ya kwanza katika miaka ya 1970 akichunguza kuvu, na mwaka 1987 lovastatini ikawa ya kwanza kupata kibali cha kutibu wagonjwa nchini Marekani. Leo tunajua kwamba LDL ikishuka kwa milimoli 1 kwa lita, hatari ya shambulio la moyo, kiharusi na matukio mengine makubwa ya mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano. Shida ni kwamba faida hiyo haisikiki mwilini. Hakuna anayeamka akahisi kwamba mshipa wake haukuziba usiku, ila paja linalouma analisikia kila anapopanda ngazi.

Je, ni dawa kweli?

Statini zinaweza kuumiza misuli. Hilo lisibishaniwe. Swali ni mara ngapi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 uliunganisha majaribio 19 yenye washiriki karibu 124,000, ambamo wengine walipewa statini na wengine kidonge kisicho na dawa, bila wenyewe kujua wamepewa kipi. Waliolalamikia maumivu au udhaifu wa misuli walikuwa asilimia 27.1 kwa waliotumia statini, na asilimia 26.6 kwa waliomeza kidonge kitupu. Tofauti ndogo iliyokuwepo ilionekana zaidi katika mwaka wa kwanza. Baada ya hapo, kwa dozi za kawaida, haikuonekana tena kwa uhakika. Kwa maneno mengine, misuli huwauma watu wengi, wanaotumia statini na wasiotumia, na zaidi ya asilimia 90 ya malalamiko ya wanaotumia statini yana chanzo kingine.

Utafiti mwingine, uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2020, uliwachukua watu 60 ambao tayari walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa chupa za miezi 12: minne atorvastatini, minne vidonge vitupu, minne bila kidonge chochote, kwa mpangilio uliochanganywa. Kila siku waliandika ukali wa dalili zao kwa alama kati ya 0 na 100. Miezi isiyo na vidonge wastani ulikuwa alama 8. Miezi ya vidonge vitupu ulipanda hadi 15.4, na miezi ya statini ukawa 16.3. Karibu mzigo wote wa dalili ulitokana na tendo la kumeza kidonge na hofu inayoliandama.

Naomba matokeo haya yasisomwe vibaya. Hayasemi kwamba wagonjwa wanadanganya. Mwili unaotarajia madhara huzalisha maumivu halisi, na mwenye nayo anaumia vilevile. Daktari anayemjibu mgonjwa "ni mawazo yako tu" amekosea mara mbili: amemvunjia heshima, na amefunga mlango wa kutafuta chanzo. Takwimu za maelfu ya watu hazitoshi kueleza mapaja ya mtu mmoja aliyeketi mbele yako. Katika utafiti huo wa Uingereza, washiriki walioneshwa matokeo yao wenyewe, na miezi sita baadaye nusu yao walikuwa wamerudi kwenye statini.

Maumivu ya statini hujitambulishaje

Yana tabia yake. Hushika pande zote mbili za mwili kwa pamoja, hasa misuli mikubwa: mapaja, makalio, vigimbi, wakati mwingine mabega. Mtu huyaeleza kama uchovu mzito, mkazo, au misuli kuuma ukiiminya. Kwa kawaida huanza ndani ya wiki nne hadi sita tangu kuanza dawa au kuongezewa dozi, na hutulia wiki mbili hadi nne baada ya kuisimamisha. Maumivu ya goti moja, mgongo unaopeleka moto mguuni, ganzi kwenye vidole, au kubanwa na msuli usiku mara moja moja kwa kawaida yana maelezo mengine.

Kuna aina moja ya maumivu ninayoiombea umakini wa pekee. Ni yale yanayoshika kigimbi ukishatembea umbali fulani, yakakuacha ukisimama dakika chache, kisha yakarudi ukitembea umbali uleule. Hiyo huwa dalili ya mishipa ya miguu kuwa myembamba. Mtu huyo akiitupa statini akidhani ndiyo mbaya wake, ameitupa dawa ya ugonjwa uleule unaomuumiza.

Vyanzo vingine hupatikana kwa kipimo cha damu. Tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi chini ya kiwango huleta maumivu ya misuli, hupandisha kolesteroli, na humfanya mtu adhurike zaidi na statini, kwa hiyo kuipima ni jambo la mwanzo kabisa. Upungufu wa vitamini D nao hutazamwa. Umri mkubwa, mwili mdogo, ugonjwa wa figo au ini, na pombe nyingi huongeza uwezekano wa madhara.

Halafu kuna dawa zinazogongana, na hapa ndipo naona makosa mengi yanayoweza kuzuilika. Simvastatini, lovastatini na, kwa kiasi kidogo, atorvastatini husagwa na vimeng'enya vilevile vinavyosaga dawa nyingine nyingi. Ukiongeza dawa inayovizuia, statini hujaa kwenye damu kana kwamba umemeza dozi kubwa. Antibiotiki za klarithromaisini na erithromaisini hufanya hivyo. Dawa za fangasi za kumeza, itrakonazoli na ketokonazoli, hufanya hivyo. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya mchanganyiko wa dawa za VVU, haipaswi kabisa kutumika na simvastatini wala lovastatini. Dawa za presha diltiazemu na verapamili zinahitaji tahadhari, na anayetumia amlodipini kwa kawaida hapewi simvastatini zaidi ya miligramu 20 kwa siku. Hata juisi ya balungi kwa wingi ina athari hiyo. Kwa hiyo unapokwenda kutibiwa kifua au fangasi, taja statini yako hata kama hujaulizwa. Mara nyingi suluhisho ni kuisimamisha kwa siku chache za antibiotiki, kwa maelekezo, kisha kuirudia.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Mkojo ukiwa mweusi mfano wa soda ya kola, misuli ikauma vikali na mwili ukakosa nguvu, acha statini hiyo siku hiyohiyo na uende hospitali bila kusubiri miadi. Huenda misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Hali hii ni nadra sana, takriban watu wawili au watatu kati ya 100,000 wanaotumia statini kwa mwaka, lakini inaua isipotibiwa. Mwaka 2001 statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani kwa sababu ilisababisha tatizo hili mno, hasa ilipotumiwa pamoja na jemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta ya damu.

Kwa maumivu ya kawaida hakuna dharura, ila kuna utaratibu. Daktari atapima kreatini kinase, au CK, protini inayovuja kutoka kwenye misuli iliyojeruhiwa. Usifanye mazoezi mazito siku chache kabla ya kipimo hiki, kwani nayo huipandisha. Wenye asili ya Afrika, hasa wanaume, huwa na CK ya juu kiasi wakiwa wazima kabisa, jambo ambalo viwango vya maabara havilizingatii kila mara. Ikizidi mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida, dawa husimamishwa papo hapo na figo hupimwa. Ikiwa ya kawaida au imepanda kidogo, na maumivu hayavumiliki, dawa husimamishwa wiki mbili hadi nne, kisha hurudiwa. Kuirudia ndiko kunakotoa jibu: maumivu yasipoisha ulipoiacha, au yasiporudi ulipoianza tena, dawa haikuwa chanzo.

Yakirudi, njia hazijaisha. Dozi inaweza kupunguzwa, na hasara yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani: kuongeza dozi maradufu hushusha LDL kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, hivyo nusu ya dozi bado inabeba sehemu kubwa ya kazi. Unaweza kubadilishiwa statini, na aliyeshindwa na simvastatini mara nyingi huivumilia pravastatini au rosuvastatini. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa hupewa siku moja na kurukwa siku moja. Ezetimibe, inayozuia kolesteroli kufyonzwa utumboni, inaweza kuongezwa juu ya dozi ndogo au kutumika peke yake. Kwa wachache wasioweza statini yoyote, ipo asidi ya bempedoiki, na zipo sindano zinazozuia PCSK9, protini inayolipunguzia ini uwezo wa kuivuta LDL. Virutubisho vya koenzaimu Q10 vinauzwa sana kwa ajili ya maumivu haya, ila ushahidi wake ni dhaifu, nami siwashauri wagonjwa kuvigharimia.

Udhaifu unaoendelea kuongezeka miezi kadhaa baada ya kuacha dawa, mtu akishindwa kujiinua au kuchana nywele, ni suala tofauti. Kwa watu wachache mno statini huamsha kinga ya mwili ikashambulia misuli. Kipimo cha damu hutambua kingamwili hizo, tiba ni ya kutuliza kinga, na mgonjwa huyo hapewi tena statini.

Ukija kwetu na malalamiko haya, njoo na dawa zako zote zikiwa kwenye maboksi yake, pamoja na za kienyeji na virutubisho. Andika tarehe uliyoanza statini, siku maumivu yalipoanza, misuli gani inauma, na kama kuna dawa mpya au kazi nzito uliyoianza karibu na siku hizo. Kama tayari umeacha vidonge, sema hivyo bila woga. Hutagombezwa, na daktari asipojua anaweza kukuongezea dozi akidhani ile ya awali haikufanya kazi.