Mkojo mwekundu baada ya dawa ya saratani si damu

Makundi ya WhatsApp hayaishiwi na ule ujumbe kwamba dawa nyekundu ya saratani "inachoma figo mpaka mgonjwa anakojoa damu", hivyo ni heri kuikimbia. Si kweli.

Dawa inayosemwa ni doksorubisini. Ni nyekundu tangu kwenye kichupa, na sehemu yake hutoka na mkojo, ndiyo maana mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku moja au mbili. Anayetaka uhakika aombe mkojo upimwe kwa hadubini: kama ni damu, chembe zake zitaonekana. Rangi ikizidi siku hizo, au kukojoa kukiuma, mwambie daktari.

Kuchanganyikiwa si ajabu. Kichefuchefu kipo, nywele zinanyonyoka (kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha), halafu mtu anaingia chooni anakuta wekundu.

Madhara makubwa yapo, ila ujumbe ule hauyataji. Dawa hii inaweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo moyo hupimwa kabla ya kuanza, na dozi zote hujumlishwa zisipite kikomo. Pia hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, hivyo homa si ya kupuuza. Homa ikifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimeze vidonge vya homa ukasubiri kuche.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Huenda kundini yumo mgonjwa mwenye miadi ya sindano kesho.