Nutraloaf ni nini? Chakula kinapogeuzwa fimbo gerezani

Kama umekutana na neno nutraloaf ukabaki unajiuliza ni dude gani, ni hivi. Kwenye baadhi ya magereza ya Marekani mfungwa akileta fujo, hasa akimrushia askari chakula au uchafu, anatolewa kwenye mlo wa kawaida anaanza kupewa kitu kimoja tu, asubuhi mchana jioni, siku kadhaa mfululizo. Mboga, maharage, mkate, wakati mwingine na nyama, vyote vinapondwa pamoja vinaokwa mpaka vinakuwa tofali. Kijiko hupewi, linakuja kwenye karatasi unamega kwa mkono. La New York lilikuwa la unga, maziwa, viazi na karoti, pembeni kabichi mbichi, wakaachana nalo 2015.

Sasa watu wengi wanachanganya hapa. Huku sio kunyimwa chakula, virutubisho vimo, na ndo maana wakuu wa magereza wanajitetea kwamba hiyo sio adhabu. Mimi hapo siwaelewi kabisa, maana mtu aliyefungiwa seli ya peke yake siku nzima hana cha kusubiri zaidi ya sahani, ukimwondolea hata ladha umemwachia nini? Mahakama ya juu ya jimbo la Vermont mwaka 2009 iliwaambia wazi ni adhabu, kwa hiyo mfungwa asikilizwe kwanza kabla hajapewa.

Kabla ya hapo Arkansas walikuwa na kitu kibaya zaidi kinaitwa grue, nyama, viazi, siagi ya mimea, sirapu, mboga na mayai vimevurugwa vikaokwa, vipande vidogo ambavyo kwa siku havifikishi hata kalori 1,000. Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Hutto dhidi ya Finney, 1978, ikasema seli chafu iliyojaa watu pamoja na grue unaweza kuvumilia siku chache, ila kwa wiki au miezi ni ukatili.

Umoja wa Mataifa nao mwaka 1955 ulikuwa unaruhusu kumpunguzia mfungwa chakula ilimradi daktari aandike kwamba atahimili. Kanuni za Mandela za 2015, yaani kanuni mpya za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zikalifuta hilo, kanuni ya 43 inakataza kupunguza chakula au maji kama adhabu. Mwanya uko kwenye neno kupunguza, tofali kalori zake zimetimia. Lakini kanuni ya 22 inataka chakula kiwe bora, kimepikwa vizuri na kimeandaliwa vizuri.