Vidoa vya jua chini ya makuti, na mlipuko wa sekunde 80

Keti adhuhuri chini ya banda la makuti kuukuu pale Ngomeni, utaona vidoa vya jua vimetapakaa mchangani. Jua likisogea, navyo vinasogea. Mtoto mwenye macho makali aweza kukwambia jua limeelekea wapi kwa kutazama vidoa hivyo tu, bila kuinua kichwa. Shikeni hilo, maana kwa hila iyo hiyo wanaastronomia walitegua kitendawili kilichowasumbua miaka 30, na sehemu ya kazi ilipitia hapa kwetu Malindi.

Mwaka 1967, setilaiti za Marekani ziitwazo Vela, zilizorushwa kupeleleza majaribio ya siri ya mabomu ya nyuklia, zilinasa mmweko wa mionzi ya gama, aina ya mwanga usioonekana wenye nguvu nyingi mno, ambao haukutoka duniani wala kwenye jua. Habari ilitangazwa 1973. Mingine mingi ikafuata. Mimweko hii hutokea upande wowote wa anga bila taarifa, mmoja ukadumu chini ya sekunde, mwingine dakika kadhaa, kisha giza. Ilikuwa ya jirani au ya mbali mno? Hapakuwa na wa kujibu, kwa sababu hapakuwa na aliyeweza kuonyesha mahali hasa ilipotokea.

Hewa inayotuzunguka huizuia mionzi ya gama, na ni salama yetu, lakini kwa hiyo vifaa vya kuinasa sharti vipelekwe juu. Huko nako kioo cha darubini ya kawaida hakifai kitu, kwani mionzi hiyo hupenya badala ya kurudishwa.

Hapo ndipo makuti yanapoingia. Mlipuko unaotoa mmweko wa gama hutoa pia eksirei, na setilaiti ya BeppoSAX, ya Waitalia na Waholanzi, ilikuwa na kamera mbili za eksirei zisizo na lenzi. Mbele ya kila kamera palikuwa na bamba la chuma lenye maelfu ya vitundu, na nyuma yake kigunduzi. Miali inayopita kwenye vitundu huchora kivuli cha bamba, na kompyuta hupima kivuli kimeegemea upande upi na kwa kiasi gani. Siri kubwa ni mpangilio wa vitundu. Vingelingana kama macho ya jarife, kivuli kilichosogea jicho moja kingefanana kabisa na cha mwanzo, na mtu angepotea. Kwa hiyo vilipangwa bila kujirudia.

BeppoSAX ilirushwa Florida tarehe 30 Aprili 1996, ikawa inazunguka karibu na mstari wa ikweta. Kila baada ya saa moja na nusu hivi ilipita juu ya Malindi, na kwa dakika kama kumi tu dishi la hapa likapokea yote iliyoyahifadhi, ndipo yakapelekwa Roma.

Tarehe 28 Februari 1997 ulitokea mlipuko wa sekunde 80 hivi, na bahati ikawa kamera moja ilikuwa imeelekea upande huo. Kivuli kilipopimwa, mahali pakajulikana. Saa nane baadaye setilaiti ilikwisha kugeuzwa, na darubini zake nyingine zikakuta pale pale eksirei zinafifia, kama kaa la moto lililoachwa jikoni. Darubini ya kisiwa cha La Palma nayo ikaona mwanga wa kawaida ukizimika. Tarehe hiyo ndiyo jina lake: GRB 970228, yaani mlipuko wa mionzi ya gama (kwa Kiingereza gamma-ray burst) wa mwaka 97, mwezi wa 02, siku ya 28. Mwezi Mei mlipuko mwingine ulipimwa umbali, ukapatikana kuwa mabilioni ya miaka nuru (mwaka nuru ni mwendo wa mwanga kwa mwaka mzima).

Watu huniuliza kama tutaungua. La, kwa umbali huo, na hewa ikitukinga, hakuna cha kutudhuru.

Leo tunajua milipuko mingi ya muda mrefu hutokana na nyota kubwa zinazoporomoka, na ya muda mfupi hutokana na nyota za nutroni, yaani masalia mazito mno ya nyota zilizokufa, zinapogongana na kuungana. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa 20 Novemba 2004, haingoji kuamriwa: ikishapima kivuli kwa bamba lake la vigae vya madini ya risasi, hujigeuza yenyewe, mara nyingi ndani ya dakika moja na nusu. Taarifa ya haraka huituma duniani kupitia setilaiti nyingine. Mzigo kamili wa data umekuwa ukishushwa hapa, Swift inapokatiza anga ya Malindi.