Bogi si behewa

Juzi nimeulizwa tena: "Bogi la daraja la tatu la EAR (Reli ya Afrika Mashariki) lilikuwa na urefu gani?" Aliyeuliza anaunda modeli ya treni ya Nairobi kwenda Kisumu ya miaka ya 1950, kwa skeli ya 1:87, na tayari ameshaanza kukata plastiki. Kipimo chochote ambacho ningempa kingemharibia kazi, kwa sababu alichokitaja sicho anachokijenga.

Bogi ni kile kigari cha magurudumu kinachokaa chini ya behewa. Kina fremu yake, ekseli mbili au tatu, springi, breki, na katikati kuna pini ambayo behewa huikalia. Behewa refu huwa na mabogi mawili, moja huku na jingine kule. Reli ikipinda, kila bogi hugeuka peke yake kufuata kona, na behewa linapita juu yake bila kung'ang'ania. Maana yake ni hiyo tu. Linalohitaji maelezo ni kwa nini wengi wetu tunaliita behewa zima kwa jina la miguu yake.

Neno lilianzia kaskazini mwa Uingereza, ambako lilikuwa jina la mkokoteni mfupi, imara, wa kubebea vitu vizito. Mwaka 1812 William Chapman na nduguye Edward walipata hataza ya fremu ya magurudumu inayoweza kujigeuza chini ya injini ya reli, na baadaye fremu za namna hiyo zikarithi jina la mkokoteni. Magari ya kwanza ya reli hayakuwa nazo. Yalikuwa mafupi, ekseli mbili zimefungwa moja kwa moja kwenye fremu ya gari, kwa sababu gari refu lenye ekseli zisizogeuka lingekwama kwenye kona. Yalipokuja magari marefu, makarani walilazimika kuyatofautisha vitabuni na yale mafupi, wakawa wanaandika "behewa la bogi". Nchini India, sehemu ya kwanza ya jina ikadondoka, ikabaki bogi.

Siwashangai. Lugha zote hufanya hivyo. Dar es Salaam lilikuwapo "basi la mwendokasi", leo mtu anakwambia "nimepanda mwendokasi" na basi halitajwi tena. Katika Kihindi bogi limeshakuwa behewa kabisa, ingawa wanalo pia neno dibba, yaani sanduku, ambalo ni la ukoo mmoja na debe letu.

Sasa kumbuka ni akina nani walioijenga reli ya Mombasa. Kazi ilianza mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Ziwa Victoria 1901. Zaidi ya watu elfu 30 waliletwa kutoka India. Geji, yaani upana wa reli, ya mita moja iliyotumika ilikuwa imeshaenea huko, na hata baadhi ya injini za mwanzo zilikuwa zimeshafanya kazi katika reli za India. Makarani na mafundi walishuka melini pamoja na msamiati wao. Sioni njia nyingine fupi zaidi ya hiyo ya kueleza bogi lilivyofika midomoni mwetu likiwa na maana ya behewa.

Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa na neno letu, tena zuri. Behewa lina asili ya Kiarabu, bahw, yaani ukumbi, na Kiswahili cha zamani kiliita behewa ule ua wa ndani wa nyumba. Gari la reli lilipokuja, mtu alitazama ndani yake akaona chumba, akalipa jina la chumba. Hilo ni jina la mahali ambapo binadamu wanakaa, wanalala, wanakula mayai ya kuchemsha waliyonunua dirishani stesheni. Kulibadilisha kwa jina la vyuma vya chini naona ni kulidhulumu.

Mtu akisema kituoni "nipo bogi la tatu", namwelewa na sitamsahihisha. Lakini anayechunguza magari ya zamani ili aunde modeli ya kweli hana uhuru huo, kwa sababu karatasi anazozisoma zinatumia neno kwa maana yake ya kwanza. Orodha za reli zikiandika gari la mizigo "la bogi", zinakueleza kwamba gari hilo lina magurudumu manane, tofauti na lile la magurudumu manne. Hapo bogi ni sifa ya gari. Tuseme umekuta karakana fulani ilipokea mabogi 40. Ukiandika mabehewa 40, umeshazidisha maradufu, kwa kuwa mabogi hayo yangetosha mabehewa 20. Au huenda hayakuja na behewa hata moja, yakawa ya akiba.

Balaa kubwa ni la tarehe. Bogi na behewa lake hayazeeki pamoja. Behewa likiingia karakana huinuliwa kwa jeki, bogi lililochoka likavutwa nje, na jingine lililokwisha kukarabatiwa likasukumwa mahali pake. Huenda lilitoka chini ya behewa tofauti kabisa. Fremu za bogi za chuma cha kuyeyushwa mara nyingi huwa na mwaka uliotokea kwenye kalibu, herufi nene zinazosomeka hata pichani, na kila mara namwona mtu anausoma mwaka ule na kutangaza kwamba behewa liliundwa mwaka huo. Hapana. Huo ni mwaka wa bogi. Mwaka wa behewa utafute kwenye kibao cha mtengenezaji, ambacho hufungwa kwenye fremu ya behewa lenyewe, au kwenye rejista kwa kufuata namba yake. Na namba nayo ifuatilie kwa makini: behewa lililoundwa kabla ya 1948, Kenya na Uganda wakiwa na reli yao na Tanganyika yao, liliweza kupewa herufi za EAR baada ya reli hizo kuunganishwa, kisha likapata herufi nyingine EAR ilipovunjika mwaka 1977.

Anayebisha bado namwomba afikirie mpaka wa China na Mongolia, pale Erlian. Reli ya China ina upana wa milimita 1,435, ya Mongolia 1,520. Treni ya abiria ikifika, mabehewa huinuliwa na abiria wakiwa ndani, mabogi ya China yakaviringishwa nje, ya Mongolia yakaingizwa, safari ikaendelea. Mabogi yote yamebadilishwa na hakuna aliyehama kitanda. Kwetu Kidatu, ambako reli ya mita inakutana na TAZARA yenye milimita 1,067, ni mizigo inayohamishwa kutoka gari hadi gari. Huwezi kuzieleza kazi hizi mbili ukiwa na neno moja kwa vitu vyote viwili.

Au tazama injini. Injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester na kupewa majina ya milima, zina mpangilio wa magurudumu 4-8-2+2-8-4. Tarakimu hizo ni hesabu ya magurudumu, na zile 4 za mwanzo na za mwisho ni mabogi: ekseli mbili katika fremu moja inayogeuka. Namba 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena, iliyopewa jina la mlima wa Upare, zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Nenda uiname mbele ya mojawapo. Utaona bogi ambalo halina behewa lolote juu yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeuliza, unachohitaji ni vipimo vitatu, na umeuliza kimoja kwa jina la kingine. Cha kwanza ni urefu wa behewa. Cha pili ni umbali kati ya pini za mabogi mawili, na hiki ndicho watu wengi hukisahau. Kona za reli ya modeli mezani huwa kali kuliko za reli halisi milimani Mau. Ukikosea umbali wa pini, pembe ya behewa itatoka nje mno na kugonga behewa la jirani. Cha tatu ni umbali kati ya ekseli ndani ya bogi lenyewe. Mita moja kwa skeli yako ni karibu milimita 11.5, na reli ya modeli utakayoinunua ni ya milimita 12, kwa hiyo magurudumu hayatakusumbua. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni, jua likiwa chini, ili mwanga uingie chini ya behewa. Zilizopigwa adhuhuri huficha mabogi kwenye kivuli. Ukiipata nitumie pamoja na namba ya behewa, na ile plastiki usiikate zaidi kwanza.